Baraza la Maarifa: Joto Lililofichika Ndani ya Mashine ya Fotokopi



Kwanza kabisa sina budi kuomba radhi. Wengi wenu mliopokea toleo la mwezi uliopita mlilalamika kuwa kurasa zake ziliwachafua vidole, na mzee wetu mmoja alinionyesha kanzu yake nyeupe iliyopata doa jeusi mfukoni kwa sababu alilikunja jarida akalitia humo. Maneno yalikuwapo juu ya karatasi, lakini hayakuishika karatasi. Ukiyapitishia kidole yalifutika kama vumbi juu ya meza. Sote tuliokuwa katika kile chumba kidogo nyuma ya ukumbi, hapa hapa Kensington, tulikubaliana kuwa mashine yetu ya fotokopi imezeeka na kwamba joto lake limepungua. Mwishoni mwa baraza hili nitawaeleza kosa lilikuwa la nani hasa.

Habari ya joto hilo ndiyo mazungumzo yetu ya mwezi huu, na sikuichagua kwa sababu ya kanzu peke yake. Jumamosi ile ile, tulipokuwa tukipanga kurasa na kuzibana kwa pini, dada yetu mmoja ambaye hufanya kazi ya kuwahudumia wazee usiku na kulala mchana alinivuta pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu," alianza.

"Marahaba, mama. Habari za kazi?"

"Kazi ni njema. Nina swali, ila naona haya. Kijana wangu amebakiza muhula mmoja amalize uhandisi wa umeme. Kila nirudipo asubuhi namkuta mbele ya kompyuta, anatazama bomba lililopakwa rangi nyekundu, manjano na buluu. Nikimwuliza, ananiambia anapasha moto rola ya mashine ya fotokopi bila ya kuwasha chochote. Niambie kweli, hiyo ni elimu au ni mchezo?"

Nilimjibu kuwa kuuliza si ujinga, na kwamba rola anayoizungumzia ilikuwa hatua mbili tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama, ndani ya mashine ile iliyotuaibisha. Nikamwomba aje na kijana wake juma lililofuata. Mimi mwenyewe nilipata riziki kwa miaka mingi kwa kutengeneza mashine za ofisi, tangu enzi za sailostaili na stensili zake za nta, kwa hiyo nilidhani kuwa nitamfundisha kijana yule mawili matatu. Nakiri kuwa yeye ndiye aliyenifundisha, na hayo aliyonifundisha ndiyo ninayowaletea.

WINO AMBAO SI MAJI

Yafaa ieleweke kwanza kuwa wino wa mashine ya fotokopi si wa maji kama ule wa kalamu. Ni unga laini mno wa plastiki uliochanganywa na rangi. Umeme tuli, wa namna ile inayovuta nywele kwenye kitana wakati wa ukavu, huushika unga huo mahali penye maandishi na kuupeleka juu ya karatasi. Hapo maandishi yameonekana, lakini yamekaa tu, hayajashika. Ili yashike, karatasi hupitishwa kati ya rola mbili zinazobanana, moja ikiwa na joto ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 150 na 200 za Selsiasi. Unga huyeyuka, huingia katika nyuzi za karatasi, na ukipoa hauondoki tena.

Joto lilikuwamo katika uvumbuzi huu tangu siku yake ya kwanza. Mnamo tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei waliandika tarehe hiyo na jina la mahali juu ya kipande cha kioo, wakaifanya sura ya maandishi ijitokeze kwa unga juu ya bamba lililopakwa salfa, kisha wakauhamishia unga ule kwenye karatasi yenye nta na kuipasha moto ili ushike. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya mashine kamili ya ofisi, Xerox 914, kuonyeshwa hadharani mwaka 1959. Mashine hiyo ilisifika sana, lakini joto lake lilikuwa halijafugwa vyema: karatasi ikikwama ndani iliweza kuungua, hata watengenezaji wakawa wanaiuza pamoja na kizima moto kidogo, ambacho walikipa jina la upole zaidi.

Basi tangu hapo kazi ya wahandisi imekuwa ni hiyo hiyo. Joto likipungua, vidole vyatiwa weusi. Likizidi, karatasi hujikunja, wino huganda juu ya rola, mpira huharibika, na pengine moshi hutoka.

PASI YA MKAA NA SUFURIA NYEPESI

Mashine za zamani, na ya kwetu ikiwamo, hupasha rola yake kwa taa ndefu ya halojeni iliyolazwa ndani ya bomba la alumini. Taa huliangazia bomba kwa ndani, na joto husafiri hadi nje. Mliokulia nyumbani mtakumbuka pasi ya mkaa. Uzito wake ndio uliokuwa sifa yake na kero yake: ikishapata moto haipoi upesi, lakini kabla haijapata moto mtoto wa shule atasimama na shati lake mkononi hadi kengele ilie. Rola nzito ni pasi ya mkaa. Ndiyo maana mashine za namna hiyo aghalabu huachwa zikiwaka kutwa, zikila umeme hata pale ambapo hakuna anayenakili kitu.

Kijana alinifanyia hesabu juu ya bahasha kuukuu. Chukueni rola ya alumini yenye uzito wa nusu kilo. Kila gramu ya alumini yahitaji karibu jouli 0.9 za nishati ili joto lake lipande nyuzi moja. Kuitoa rola hiyo katika nyuzi 20 na kuifikisha 180 kunadai jouli 72,000. Ukiipa wati 1,000, yaani jouli 1,000 kila sekunde, itachukua sekunde 72, na hapo hatujahesabu joto linalopotelea hewani wala lile linalonyonywa na rola ya mpira iliyo chini yake. Mtu atasema, basi na uongezwe umeme. Lakini tundu la kawaida la ukutani hapa Australia hutoa ampia 10 kwa volti 230, yaani wati 2,300 tu, na humo humo mashine yapaswa kuendesha mota zake na taa zake. Njia iliyobaki ni kupunguza mzigo unaopashwa moto. Gamba jembamba la chuma lenye gramu 40 linahitaji chini kidogo ya jouli 3,000 kwa safari ile ile ya nyuzi 160. Kwa wati zile zile 1,000, hizo ni sekunde tatu. Hiyo sasa ni sufuria nyepesi juu ya moto mkali: unageuka kuchukua kitunguu, na mafuta yameshachemka.

Swali linalofuata ni jinsi ya kulipa gamba jembamba namna hiyo joto jingi kwa sekunde chache, bila ya kungoja taa ijipashe yenyewe kwanza. Hapa ndipo inapoingia sumaku.

CHUMA KINAPOJIPASHA MOTO CHENYEWE

Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alionyesha kuwa usumaku unaobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nao, hata kama hakuna kinachoziunganisha nyaya mbili hizo. Mwaka 1841 James Joule alichapisha kanuni ya joto ambalo mkondo wa umeme huacha ndani ya waya unamopita: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Mwaka 1855 Mfaransa Léon Foucault alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, akaona inakuwa nzito kuzungusha na inapata moto, kwa sababu ndani ya shaba hiyo mlizaliwa mikondo ya umeme inayozunguka kama maji katika kizingia.

Unganisheni mambo hayo matatu, mmeipata rola mpya. Pembeni mwa gamba la chuma huwekwa koili ya nyaya za shaba, na ndani ya koili hiyo hupitishwa mkondo unaogeuka upande mara 20,000 au zaidi kila sekunde, ilhali umeme wa ukutani, hapa kama ilivyo Dar es Salaam na Nairobi, hukamilisha mizunguko 50 tu. Usumaku wa koili huingia katika chuma, huzaa mikondo ya kuzunguka, na mikondo hiyo hukipasha moto chuma kutoka ndani yake mwenyewe. Hakuna mwali wala taa, na koili yenyewe haikigusi chuma.

Jambo la ajabu ni kuwa mikondo hiyo haipendi kwenda kina. Hukusanyika juu juu, kwenye ngozi ya chuma. Kadiri umeme unavyogeuka upesi, ndivyo ngozi hiyo inavyozidi kuwa nyembamba, na vilevile chuma chenye usumaku mkubwa hubana mikondo zaidi. Kwa mizunguko 20,000 kwa sekunde, shaba huiruhusu mikondo kufika karibu milimita 0.46 kabla ya kudhoofika hadi theluthi moja na kitu ya nguvu yake. Katika chuma ambacho hukusanya usumaku mara 100 kuliko hewa, kina hicho ni milimita 0.11 tu. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: gamba la nusu milimita, ambalo sisi twaliona kama karatasi nene, kwa mikondo hiyo ni bahari yenye kina cha kutosha.

Hapa nampa faida mama wa nyumbani. Majiko ya umeme ya kioo yanayopasha sufuria kwa sumaku hufanya kazi kwa kanuni hii hii, na ndiyo maana sufuria zetu za alumini hukaa juu yake bila ya kupata moto. Alumini haina usumaku, na tena hupitisha umeme kwa wepesi mno. Kwa hesabu ya kijana, mkondo ule ule ukipita juu ya uso wa chuma kile huacha joto takriban mara 20 ya lile linaloachwa juu ya alumini. Kabla ya kununua sufuria, chukua sumaku ndogo ya mlango wa jokofu uiguse chini: ikinasa vyema, sufuria hiyo itafaa. Jambo hili si la Sydney pekee. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa hadi mwaka 2034, wenye lengo la kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100, na majiko ya umeme ni miongoni mwa njia zake.

SAA MBILI ZISIZOKWENDA PAMOJA

Sasa turudi kwenye bomba la rangi alilokuwa akiliona mama asubuhi. Kwa nini kijana asichukue koili na gamba akajaribu? Atajaribu, lakini kila jaribio ni koili mpya, gamba jipya, na pengine kidole kilichoungua. Aidha, sehemu iliyo muhimu, ndani ya ile ngozi ya chuma yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, haiingiliki kwa kipimajoto. Kwa hiyo kwanza rola huigwa ndani ya kompyuta.

Namna ya kuiga ni hii. Umbo zima, yaani gamba, koili, rola ya mpira na hata hewa inayozunguka, hukatwakatwa katika vipande vidogo sana, kama macho ya wavu wa mvuvi. Kwa kila kipande kompyuta huandika kanuni za usumaku na za joto, kisha huzitatua zote kwa pamoja, maana kila kipande humtegemea jirani yake. Wazo hilo la kihisabati lilichapishwa na Richard Courant mwaka 1943, na mwaka 1960 Ray Clough akalipa jina linalotumiwa na wahandisi hadi leo. Mahali ambapo mambo hubadilika ghafla, kama kwenye ngozi ya chuma, macho ya wavu hayana budi kuwa madogo kuliko kina cha ngozi yenyewe. La sivyo, samaki unayemtafuta atapenya.

Ugumu mkubwa ni kuwa usumaku na joto havina saa moja. Umeme wa mizunguko 20,000 humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde moja iliyogawanywa mara 20,000. Joto huenda kwa sekunde nzima nzima. Katika sekunde 10 za kupasha rola, umeme umeshazunguka mara 200,000. Ukitaka kompyuta iufuate kila mzunguko hadi rola ipate moto, utazeeka ukingoja. Kwa hiyo hesabu hugawanywa mbili. Kwanza hutafutwa usumaku na mikondo ya mzunguko mmoja, na joto lake la wastani katika kila kipande. Kisha joto hilo hupelekwa kwenye hesabu ya pili, ambayo hulifuatilia jinsi linavyosambaa, linavyopanda na linavyopotea.

Hata hivyo hesabu mbili hizi hazikutani mara moja zikaachana, kwa sababu chuma kikipata moto hubadilika tabia. Ukinzani wa chuma kisichochanganywa na kitu, katika nyuzi 180, hukaribia mara mbili ya ule wa nyuzi 20. Mikondo nayo hubadilika, kwa hiyo joto linalozaliwa si lile tena. Basi hesabu ya joto huirudia ile ya usumaku na kuipa habari mpya, na ile hurudisha jibu jipya, zikipokezana hivyo hadi mwisho wa safari. Rangi nyekundu aliyoiona mama ni mahali penye joto kali, na buluu ni mahali palipo baridi.

KOSA LA KIJANA

Kufikia hapa mama alikuwa anatabasamu, na mimi nilikuwa tayari kumpongeza kijana. Ndipo yeye akainamisha kichwa.

"Mama," alisema, "kuna jambo sijakuambia. Picha zangu si kweli."

Akatueleza kuwa majuma matatu nyuma alikuwa amefunga rola halisi maabara na kuipima. Katikati ya rola, hesabu na kipimajoto vilikubaliana vizuri. Lakini kwenye ncha mbili, mahali ambapo picha yake ilionyesha joto lile lile la katikati, kipimajoto kiliendelea kupanda kwa kila karatasi iliyopita, hadi akalazimika kuzima umeme kwa kuwa mpira ulianza kutoa harufu. Siku ya kuwasilisha kazi ilikuwa imekaribia. Kukariri muhula ni fedha, na alijua fedha hizo hutokana na usiku wa nani. Alikuwa ameanza kuzibembeleza tarakimu, akibadilisha hii na ile hadi picha ifanane na kipimo, bila ya kujua sababu.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, wali ukiungua chini huwezi kuuficha kwa kuupamba juu. Mgeni akichota atafika tu. Wewe umeujua ukoko uko wapi. Kwa nini umeungua?"

Swali hilo la jikoni ndilo lililokuwa sahihi. Tulikaa, tukachukua karatasi moja ya jarida letu, na tukaanza kuuliza joto linakwenda wapi. Karatasi ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 5. Kila gramu ya karatasi huhitaji takriban jouli 1.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kuipandisha kutoka nyuzi 20 hadi karibu 100 ni jouli 560. Mashine inayotoa kurasa 30 kwa dakika hutoa ukurasa mmoja kila sekunde mbili, maana yake karatasi peke yake hubeba na kuondoka na wati 280. Karatasi ni mlaji mkubwa wa joto.

Sasa tazameni upana. Rola ya mashine inayopokea hata karatasi za A3 hupitisha upana wa milimita 297. Karatasi ya A4 ikipita kwa wima, upana wake ni milimita 210. Kila upande hubaki zaidi ya milimita 43 za rola zisizoguswa na karatasi yoyote. Koili hupasha urefu wote sawasawa, lakini karatasi hula joto la katikati tu. Joto la ncha halina mlaji, kwa hiyo hurundikana. Kijana, katika hesabu yake, alikuwa ameiambia kompyuta kuwa karatasi inafunika rola nzima. Kompyuta ilimtii. Haikuwa na namna ya kujua kuwa ameidanganya.

Kosa hili si dogo wala si la vitabuni. Wahandisi wanaotengeneza mashine hizi hupambana nalo kwa njia kadhaa. Wengine huigawa koili katika sehemu, ili za pembeni ziweze kupunguzwa. Wengine huweka feni za kupoza ncha, au hupunguza mwendo wa mashine karatasi nyembamba zinapopita. Njia ninayoipenda zaidi inatokana na jambo alilolichunguza Pierre Curie mwaka 1895, kwamba chuma kikifikia kiwango fulani cha joto hupoteza usumaku wake. Kwa chuma tupu kiwango hicho ni nyuzi 770, lakini chuma kikichanganywa na nikeli kwa vipimo maalumu, kiwango huweza kushushwa hadi karibu na joto la kazi ya rola. Ncha ikikaribia kuzidi, usumaku wake hulegea, mikondo haibanwi tena kwenye ngozi nyembamba, na joto linalozaliwa hupungua lenyewe bila ya kuamriwa na mtu.

Chuo Kikuu cha New South Wales, kilichoanzishwa mwaka 1949 na ambacho tramu za Anzac Parade zimepita mbele yake tangu mwaka 2020, kina kaulimbiu ya Kilatini yenye maneno *manu et mente*, yaani kwa mkono na kwa akili. Wengi wetu hupita pale kila siku bila ya kuyatazama. Nilimkumbusha kijana maneno hayo, nikamwambia kuwa akili yake imefanya hesabu, na mkono wake umeisahihisha. Asione haya kwa jambo hilo. Aliyejenga picha asiipime ndiye wa kuona haya, maana mashine yake itauzwa, itawekwa katika ofisi ya watu, na siku moja mtu asiyejua lolote ataweka bahasha nyembamba mia moja mfululizo na kwenda kunywa chai.

Alirudi kwa mwalimu wake Jumatatu akamweleza yote. Aliigawa rola katika sehemu mbili ndani ya hesabu yake, inayoguswa na karatasi na isiyoguswa, na safari hii ncha za picha ziligeuka nyekundu kama zilivyokuwa maabara. Kazi aliyoiwasilisha ina picha zote mbili, ya kosa na ya sahihi, na maelezo ya tofauti yao. Ninapoandika haya matokeo hayajatoka. Mama yake ameniambia kuwa sasa akirudi kazini asubuhi huvuta kiti na kuuliza, "Leo wekundu uko wapi?"

Kwa vijana wengine wanaosoma baraza hili: hamhitaji kungoja chuo. Zipo programu za kompyuta zisizolipiwa za kuiga usumaku na joto, kama vile FEMM ya David Meeker, na Elmer ya kituo cha CSC nchini Finland, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1995. Na msidhani kuwa elimu hii ni ya fotokopi tu. Viwandani huko Afrika Mashariki, vyuma chakavu huyeyushwa kwa tanuri za koili za namna hii ili kutengeneza nondo za ujenzi, na anayejua kuiga tanuri kabla ya kuliwasha ataokoa umeme mwingi na pengine maisha ya watu.

KOSA LETU

Nimeahidi kuwaeleza habari ya vidole vyenu. Kijana alipomaliza kufunga madaftari yake, aliuliza karatasi zetu tunazihifadhi wapi. Nilimwonyesha bunda lililowekwa sakafuni chini ya dirisha linalovuja, likiwa wazi. Alichukua karatasi moja, akaipinda, ikanywea bila ya kutoa sauti.

Akaipindua bahasha yake ya hesabu. Kila gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hula jouli zipatazo 2,260. Karatasi ya gramu 5 ikinyonya unyevu wa robo gramu tu zaidi ya kawaida, na maji hayo yote yakageuka mvuke, itadai jouli 565 za ziada, sawa na chakula chake chote cha siku za ukavu. Rola yetu haikuwa imepungua nguvu hata kidogo. Sisi tulikuwa tumeiletea walaji wawili kwa sahani moja, kisha tukaisema vibaya mbele ya wageni.

Toleo hili limechapwa kwa karatasi zilizokaa ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, juu ya meza. Tafadhali pitisheni kidole juu ya mstari huu. Ikiwa bado unafutika, nipigieni simu, nami nitamwita kijana. Na yule mzee wetu wa kanzu ajue kuwa gharama ya dobi italipwa na mfuko wa jarida.

Wasalaam, hadi mwezi ujao, panapo majaliwa.